Kijana wa Sotik, anza na NA, AU na SI

MEI 2023, waandamanaji katika Kaunti ya Kericho waliteketeza mashine za kuchuma majani chai wakisema zinawapokonya kazi. Wewe uliye Sotik, upande wa pili wa mpaka katika Kaunti ya Bomet, huhitaji kuelezwa uchungu huo. Pengine karo yako ilitoka kwenye kikapu cha mama.

Lakini jiulize: mashine ikizima ghafla, nani huitwa? Ni fundi anayejua kusoma saketi. Na saketi za kidijitali zinaanzia kwenye maneno matatu unayotumia kila siku.

Mfano wa kikaushio

Tuseme unabuni kikaushio cha majani chai. Joto liwake tu iwapo feni inazunguka NA mlango umefungwa. Sharti moja likikosekana, hakuna joto. Hiyo ni geti ya NA. King'ora nacho kilie iwapo joto limezidi AU feni imekwama. Moja tu latosha. Hiyo ni geti ya AU. Geti ya SI hugeuza mambo: ukiipa 1 inatoa 0, ukiipa 0 inatoa 1. Hapa 1 ni kuwepo kwa umeme, 0 ni kutokuwepo.

Si mambo mapya haya. George Boole alichapisha hisabati ya mantiki mwaka wa 1854. Mnamo 1937, Claude Shannon, mwanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alionyesha kuwa swichi za umeme zinaweza kuifanya hesabu hiyo.

Jaribu nyumbani

Tafuta mawe mawili ya tochi, balbu ya tochi ya mawe mawili, waya na swichi mbili. Ukizifuatanisha swichi kwenye waya mmoja, balbu itawaka zote zikiwashwa tu: NA. Ukiziweka sambamba, kila moja na njia yake, yoyote itawasha: AU. Usiguse kamwe umeme wa ukutani.

Kabla ya kuwasha, andika hali zote nne za swichi: 00, 01, 10, 11. Majibu ya NA ni 0, 0, 0, 1. Ya AU ni 0, 1, 1, 1. Hilo ndilo jedwali la ukweli, na fundi hulitumia kujua saketi imekosea wapi.

Ukishazoea, tafuta chipu ya 74HC08. Ina miguu 14 na geti nne za NA. Mawe matatu yanaitosha: chanya mguu wa 14, hasi mguu wa 7. Miguu ya kupokea ambayo hutumii iunganishe na hasi. Ikining'inia, chipu hubahatisha.

Kweli, balbu moja haitarudisha vibarua vilivyopotea. Lakini mashine zikizidi kuja, heri anayezitengeneza atoke hapa hapa Sotik. Kwa nini asiwe wewe?