Kilatini Kwanza au Kiingereza Kwanza?

Mzazi wa Kimarekani anayemsomesha mwanawe nyumbani, akishaamua kumfundisha Kilatini, hukutana na swali kabla hata ya kufungua kitabu: sarufi ya Kiingereza aiweke wapi? Aitangulize, aziendeshe zote mbili pamoja, au aache Kilatini kifanye kazi ya lugha zote mbili? Wanaojiuliza hivyo si wachache. Kusomesha watoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50 tangu 1993, na wako wazazi wengi wanaofuata mtindo wanaouita elimu ya kale, ambamo mtoto wa miaka saba au minane hukariri amo, amas, amat (napenda, unapenda, anapenda) sambamba na jedwali la kuzidisha.

Chimbuko la mtindo huo liko Uingereza. Mwaka 1947 Dorothy Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alitoa mhadhara Oxford akidai kwamba shule zimesahau kumfundisha mtoto namna ya kujifunza, na kwamba pa kuanzia ni sarufi ya Kilatini. Mtoto mdogo alimwita kasuku: hufurahia kukariri hata asichokielewa, basi apewe cha kukariri. Yeye mwenyewe alianzishiwa Kilatini na baba yake, kasisi, kabla hajatimiza miaka saba.

Wafuasi wake Marekani wakatofautiana. Cheryl Lowe, mwanzilishi wa Memoria Press huko Kentucky, alishikilia kwamba sarufi hueleweka vizuri zaidi kwa kupitia Kilatini kuliko kwa Kiingereza chenyewe. Jessie Wise, aliyewasomesha wanawe nyumbani Virginia miaka ya 1970, na binti yake Susan Wise Bauer, katika kitabu chao The Well-Trained Mind cha 1999, wanatanguliza Kiingereza: masomo mafupi ya nomino na kitenzi tangu darasa la kwanza, Kilatini kikifuata darasa la tatu au la nne.

Hoja ya Lowe ina uzito. Sarufi ya lugha uliyonyonya na maziwa huioni. Mwulize mtoto wa Kimarekani kiima ni kipi katika the girl sees the farmer, atakushangaa. Anajua nani anamwona nani, jina la nini tena? Kilatini hakimwachii nafasi ya kulikwepa swali hilo. Puella agricolam videt: msichana anamwona mkulima. Pangua maneno, sema agricolam puella videt, na bado anayeona ni msichana, kwa kuwa ile m ya mwisho imekwisha kumtambulisha mkulima kuwa ndiye anayetendewa. Mtoto asipoitazama m, hawezi kufasiri. Kiingereza kilikuwa na viishio vya namna hiyo zamani. Leo yamebaki masalia kama he na him. Upande wa vitenzi, mtoto wa Kiswahili angetangulia hatua moja: amabit, sawa na atapenda, ni neno moja lililobeba mtendaji na wakati, ilhali Kiingereza kinataka maneno matatu.

Hata hivyo mimi niko upande wa Wise, kwa sababu ya kawaida kabisa. Mama anayefundisha mara nyingi naye anajifunza, akiwa ukurasa mmoja mbele ya mwanawe. Mtoto anayekutana asubuhi moja na neno jipya, kiishio kipya na istilahi mpya ya yambwa, yaani anayetendewa, huishia kulia, na mama naye hayuko mbali. Afadhali yambwa awe amekwisha kuizoea katika sentensi ya mbwa na mfupa. Dakika kumi za Kiingereza kwa siku, nyingi zake za mdomo, zinatosha. (Wakati mwingi zaidi hupotea wazazi wakibishana kuhusu matamshi: Cicero ni Kikero wa Warumi au Chichero wa Kanisa? Waliopitia seminari zetu ndogo za Kikatoliki wana jibu lao, na mtoto hajali.)

Ninachokitilia shaka zaidi ni ahadi. Wapo wanaokiuza Kilatini kama dawa ya kunoa akili. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alilipima dai hilo kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 na kuchapisha matokeo 1924: somo hili au lile lilileta tofauti ndogo sana katika uwezo wa kufikiri. Mwaka 2003 watafiti Haag na Stern, Ujerumani, waliwalinganisha wanafunzi waliokuwa wamesoma Kilatini na waliosoma Kifaransa, wote wakianza Kihispania. Wa Kifaransa ndio waliofanya makosa machache ya sarufi. Pa kutumainia ni kwenye msamiati, kwa kuwa zaidi ya nusu ya maneno ya Kiingereza yana asili ya Kilatini, mengi yakiwa yamepitia Kifaransa. Shule za msingi za Philadelphia zilipofundisha Kilatini kwa dakika 15 hadi 20 kwa siku, miaka ya 1970, watoto walipanda katika mitihani ya msamiati.

Kisha kuna mambo ya Kiingereza ambayo Kilatini hakina kabisa. Hakina a wala the. Hakina do ya kuulizia na kukanushia. Hakina tofauti ya I eat na I am eating, kwani edo hubeba zote mbili. Mtoto aliyefundishwa sarufi kwa Kilatini peke yake atayatumia sahihi kwa mazoea ya kuyasikia, lakini akiulizwa kwa nini, hatapata jibu katika jedwali lolote alilokariri, na mama itabidi akitoe kabatini kile kitabu cha Kiingereza.