Kiongozi, Mwandishi na Timu Yao: Mfano wa Mji wa Chicago

Liko swali ambalo katika miji mingi ya dunia huulizwa kwa mzaha lakini hujibiwa kwa tahadhari: wewe mwenzetu u wa timu gani? Mtu wa kawaida akiulizwa hivyo hujibu papo hapo na mambo yakaisha. Lakini mtu mwenye dhamana, awe meya, rais, msanii au mwandishi wa habari za michezo, jibu lake huwa na uzito mwingine. Akijitaja kuwa wa upande mmoja, huchelea kuwaudhi wa upande wa pili. Akijitaja kuwa wa pande zote mbili, huonekana hana upande. Mji wa Chicago, nchini Marekani, umeishi na swali hilo kwa zaidi ya miaka mia moja, na majibu ya wakubwa wake yana mafunzo ndani yake.

Chicago ina timu mbili kubwa za besiboli, mchezo ambao mmoja hurusha mpira mdogo mgumu na mpinzani wake huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Timu ya kaskazini ni Cubs, yaani watoto wa dubu, na uwanja wake ni Wrigley Field, uliofunguliwa mwaka 1914. Timu ya kusini ni White Sox, yaani soksi nyeupe, iliyocheza katika uwanja wa Comiskey Park tangu 1910 hadi 1990, kisha ikahamia uwanja mpya ng'ambo ya barabara. Viwanja hivyo havifiki kilomita kumi na tano baina yake, na treni ile ile hufika kote kuwili. Hata hivyo, mioyo ya watu iko mbali kuliko viwanja. Kusini ndiko yalikokuwa machinjio makubwa ya mifugo na viwanda, na ndiko walikokaa vibarua wa asili ya Ireland na, baadaye, Wamarekani weusi waliohama kutoka majimbo ya kusini mwa nchi. Kaskazini kulisifika, aghalabu, kwa watu wenye nafasi zaidi. Kwa hiyo, mtu akitaja timu yake, mara nyingi huwa ametaja pia mtaa aliozaliwa na kazi aliyoifanya baba yake.

Watani hawa wa jadi wamekutana katika fainali ya ubingwa wa nchi, iitwayo World Series, mara moja tu, mwaka 1906. Cubs walikuwa wameshinda michezo 116 msimu ule, na kila mtu aliwapa ushindi. White Sox wakawatoa kwa michezo minne kwa miwili. Baada ya hapo, madhali kila timu iko katika ligi yake, hawakukutana tena katika mchezo wenye kuhesabika hadi mwaka 1997. Yafaa jambo hili lizingatiwe. Kwa miaka tisini, ushindani wao ulichezwa zaidi barazani, ofisini na magazetini kuliko uwanjani. Ndiyo maana upande anaoushika mtu mashuhuri ulikuwa ni habari, kwani hapakuwa na matokeo mengine ya kuhesabu.

Tuanze na viongozi. Meya Richard J. Daley, aliyetawala Chicago tangu 1955 hadi alipofariki mwaka 1976, aliishi Bridgeport, mtaa ulio jirani na uwanja wa White Sox, maisha yake yote. Hakuficha mapenzi yake, wala hakuna mtu wa kaskazini aliyemtaka ayafiche. Tatizo lilizuka usiku wa tarehe 22 Septemba, 1959, White Sox waliponyakua ubingwa wa ligi yao baada ya kuusubiri miaka arubaini. Kamishna wa Zimamoto, Robert Quinn, aliamuru ving'ora vya kutahadharisha mashambulizi ya anga vipigwe mjini kote kwa dakika kama tano. Huo ulikuwa wakati wa vita baridi, na Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alikuwa ziarani Marekani wiki ile ile. Watu wengi wasiokuwa na habari ya mchezo waliingiwa na hofu kwamba mabomu yanakuja. Kamishna alijitetea kwamba Halmashauri ya Mji ilikwisha pitisha azimio la kushangilia kwa ving'ora. Hoja yake haikuwatuliza waliokwisha kimbilia chini ya nyumba zao na watoto. King'ora ni mali ya umma, kimewekwa kwa ajili ya roho za watu wote. Kukipiga kwa furaha ya upande mmoja ni kukopa amana isiyokuwa yako.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Hillary Clinton alizaliwa Chicago mwaka 1947, na tangu utotoni alijulikana kuwa mpenzi wa Cubs. Mwezi wa Juni, 1999, alipokuwa akijiandaa kuwania kiti cha Seneti katika jimbo la New York, alionekana Ikulu ya Marekani amevaa kofia ya timu ya Yankees ya New York. Alieleza kwamba tangu zamani alikuwa na timu katika ligi hii na nyingine katika ligi ile. Huenda ilikuwa kweli. Lakini watu wa New York walicheka, na watu wa Chicago walinuna. Kiti alikipata mwaka uliofuata, ila kofia ile iliendelea kumsuta kwa muda mrefu. Njia mbili zilimshinda fisi, seuze mwanasiasa.

Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya na ambaye maisha yake ya siasa yalianzia kusini mwa Chicago, alishika mwendo mwingine. Alisema wazi kwamba yeye ni wa White Sox na kwamba hana haja ya kujidai kuwa wa wote. Mwaka 2010, alipoalikwa kurusha mpira wa kwanza wa msimu mjini Washington, mji wenye timu yake wenyewe, alivaa kofia ya White Sox mbele ya umati uliomzomea. Hata hivyo, Cubs walipotwaa ubingwa wa mwaka 2016, wakiwa wameukosa kwa miaka 108, aliwapokea Ikulu tarehe 16 Januari, 2017, siku nne kabla ya kuondoka madarakani. Aliwasifu kwa heshima zote, akakumbusha kwamba mkewe, Michelle, ni mpenzi wa Cubs tangu utotoni, na hakubadilisha kofia. Hakuna aliyeondoka pale akidhani amedanganywa.

Raghba ya watu wa Chicago kutaka kujua fulani ni wa wapi haina mpaka. Mwezi wa Mei, 2025, Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago, alipochaguliwa kuwa Papa Leo wa 14, habari za mwanzo zilidai kwamba ni mtu wa Cubs. Saa chache hazikupita, ndugu yake akasahihisha kwamba ni wa White Sox, na picha ya televisheni ikapatikana ikimwonyesha uwanjani katika fainali ya mwaka 2005, mwaka ambao White Sox walitwaa ubingwa. Kwa wasanii pia mipaka inajulikana: mwigizaji Bill Murray ni wa Cubs, na mwanamuziki Chance the Rapper ni wa White Sox.

Sasa tuje kwa waandishi na watangazaji, ambao mtihani wao ni mgumu zaidi, kwani wao hulipwa ili waseme kweli. Jack Brickhouse alitangaza michezo ya timu zote mbili katika televisheni kwa miaka mingi. Harry Caray alikuwa sauti ya White Sox tangu 1971 hadi 1981. Mwaka 1982 akahamia Cubs, na baadhi ya watu wa kusini hawakumsamehe. Mwaka 1981 kampuni yenye gazeti la Tribune iliinunua timu ya Cubs, ikaimiliki hadi 2009. Tangu siku hiyo, kila sifa waliyopewa Cubs katika gazeti lile ilitiliwa shaka na wasomaji wa upande wa pili, hata pale mwandishi alipokuwa hana hatia. Gazeti likishakuwa na mali uwanjani, kalamu yake huandika na deni.

Wako hata hivyo wawili waliotoa mfano. Hugh Fullerton, mwandishi wa michezo aliyewajua vizuri White Sox, aliitazama fainali ya mwaka 1919 waliyofungwa na Cincinnati, akaona mambo hayaendi sawa. Desemba mwaka ule aliandika katika gazeti la New York akitaka uchunguzi ufanywe, naye akabezwa vikali. Mwaka uliofuata baadhi ya wachezaji walikiri kwamba walihongwa na wacheza kamari. Mahakama iliwaachia mwaka 1921, lakini wanane walifungiwa maisha. Adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2025, wote wakiwa wamekwisha fariki.

Wa pili ni Mike Royko, mwandishi wa safu aliyewapenda Cubs tangu utotoni. Kwa miongo mingi mashabiki walisingizia kwamba timu yao inashindwa kwa sababu ya laana ya mbuzi aliyefukuzwa uwanjani mwaka 1945. Katika makala yake ya mwisho, ya Machi 1997, Royko alisema laana haikutoka kwa mbuzi bali kwa uongozi wa mmiliki, P. K. Wrigley, na alitaja wazi jinsi timu ilivyochelewa kuwachukua wachezaji weusi. Jackie Robinson aliingia ligi kuu mwaka 1947. White Sox walimchezesha Minnie Miñoso mwaka 1951. Cubs hawakumchezesha Ernie Banks ila mwezi wa Septemba, 1953. Makala hayo yalichapishwa katika Tribune, gazeti la kampuni iliyokuwa inaimiliki timu yenyewe. Royko alifariki mwezi uliofuata, na kumbukumbu yake ikafanyiwa Wrigley Field, katika uwanja wa timu aliyoikosoa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Raia hawamtaki kiongozi wala mwandishi asiye na mapenzi, kwani kiumbe wa namna hiyo hayupo. Wanataka mambo matatu tu: atamke upande wake bila ya kugeuka geuka kila upepo unapogeuka, asiutumie mlango wala king'ora cha serikali kuushangilia, na upande wake ukikosea, awe wa kwanza kuusema. Mwenye kuyatimiza hayo, hata hasimu wake atamwamini. Asiyeyatimiza, kofia zote za dunia hazitamfunika.