Anga Pana, Darubini Ndogo

Nje ya stesheni ya Neasden, hata usiku usio na mawingu, nyota zinazoonekana zinahesabika kwa vidole. Taa za barabara ya North Circular na mwanga wa London nzima vimezimeza zilizobaki. Lakini kilomita chache kaskazini, huko Mill Hill, kando kabisa ya barabara kuu ya A41, kipo kituo cha kutazamia nyota cha chuo kikuu cha UCL, kilichofunguliwa mwaka 1929. Mpaka leo kinafanya kazi ya maana chini ya anga hiyo hiyo. Kinaweza kwa sababu kazi ya kusaka mambo ya angani ni mbili: kuna kulinda doria juu ya anga nzima, na kuna kuikodolea macho nyota moja iliyokwisha kutajwa.

Doria ndiyo inayotaka darubini zenye upeo mpana. Sayari inayozunguka nyota nyingine kwa kawaida haionekani yenyewe. Tunachokiona ni mwanga wa nyota kupungua kidogo sayari inapokatiza mbele yake. Mshtarii ingekatiza mbele ya Jua, ingeziba asilimia 1 ya mwanga. Dunia isingeziba hata sehemu moja katika elfu kumi. Tena njia ya sayari sharti ielekeane nasi. Kwa sayari iliyo karibu mno na nyota yake, bahati hiyo ni takriban moja katika kumi, na sayari kubwa za namna hiyo zenyewe ni adimu. Ukichagua nyota moja ukaisubiri, utazeeka bure. Ni lazima utazame maelfu kwa mpigo.

Mradi wa SuperWASP ulifanya hivyo kwa vifaa vya kushangaza: lenzi nane za kamera za Canon za milimita 200, za aina wanayotumia wapiga picha, zikafungwa pamoja kwenye mtambo mmoja. Mtambo wa kwanza ulianza kazi La Palma mwaka 2004, wa pili Sutherland, Afrika Kusini, mwaka 2006. Kila lenzi iliona eneo la karibu digrii 8 kwa 8, ilhali mwezi mpevu una upana wa nusu digrii tu. Kwa vioo hivyo vidogo zikapatikana sayari zaidi ya mia moja. Mojawapo ilikuwa ya nyota WASP-71, ambayo mwaka 2019, katika shindano la Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, Tanzania iliipa jina la Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite.

Kukodolea nyota moja ndiko kunakofaa jijini. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Februari 2009, Steve Fossey na wenzake wa Mill Hill walielekeza darubini za sentimita 35 kwenye nyota HD 80606. Sayari yake ilijulikana tangu 2001, nayo huchukua siku 111 kuizunguka, kwa njia iliyorefuka mno. Vipimo vya darubini ya angani Spitzer vilikuwa vimeonyesha kwamba huenda ingekatiza usiku huo. Ubavuni mwa nyota hiyo ipo pacha yake, HD 80607, yenye mng'ao karibu sawa. Utando wa moshi na mwanga wa jiji huziathiri zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo ukigawanya mwanga wa moja kwa wa nyingine, London inajifuta yenyewe. Kilichobaki kilikuwa kivuli cha sayari.

Nadhani tukio la tarehe 21 Januari 2014 lina uzito zaidi. Mawingu yalikuwa yakikaribia, Fossey akaamua kuwapa wanafunzi wake somo fupi la kutumia kamera. Saa 1:20 usiku wakaielekea galaksi M82, iliyo umbali wa miaka ya mwanga milioni 12 hivi, na papo hapo akaona nyota ambayo haikuwepo awali. Wakalinganisha na picha za zamani, wakajaribu darubini ya pili wasije wakadanganywa na hitilafu ya kamera. Ilikuwa supanova, yaani nyota inayolipuka, iliyopewa jina SN 2014J. Picha za siku zilizotangulia zilipofukuliwa, ikabainika darubini nyingine zilikwisha kuinasa. Hakuna aliyeitambua.

Leo Vera Rubin, darubini ya Chile iliyoonyesha picha zake za kwanza mwaka 2025, imesanifiwa kutoa tahadhari za mabadiliko angani zinazoweza kufikia milioni kumi kwa usiku. Programu zitachuja, lakini nyingi zitahitaji darubini ndogo za kuzifuatilia, tena zilizotawanyika duniani, maana supanova haisubiri usiku wa Chile. Hapo Afrika Mashariki ina nafasi ambayo London haina: kutoka Ikweta mtu huliona kundi la Dubu Mkubwa la kaskazini na Mawingu ya Magellan ya kusini. Mpingo yenyewe iko karibu kabisa na ikweta ya anga. Mwezi Oktoba, usiku wa manane, hupita karibu na utosi wa Nairobi na Kampala, na Tanzanite hukatiza mbele yake kila baada ya siku 2.9. Kivuli hicho hakifiki asilimia 1, lakini darubini kama zile za Mill Hill, kwenye paa la chuo chochote, ina uwezo wa kukipima.