Samaki wa saa nane

Sahani ni ndefu, ya bati jeupe, na rangi ya buluu ya ukingo wake imebanduka sehemu mbili tatu hadi chuma cheusi kikaonekana. Mama mwenye mgahawa aliachiwa na mama mkwe wake, aliyeinunua Butembo zamani za Zaire kwa kazi moja tu: kupakulia samaki mzima.

"Mama mukwe alikuwa anaweka moja," aliniambia huku akiipangusa kwa upindo wa kitenge. "Kichwa inatokea huku, mukia inatokea kule. Leo jionee mwenyewe, papa."

Niliona. Juu ya sahani ile walilala tilapia watatu, ubavu kwa ubavu, na bado ndimu ilipata pa kukaa.

Tangu nilipotoka pale nimeshindwa kuisahau sahani hiyo. Nilikuwa nimeenda pande za Kalunguta kwa shughuli nyingine kabisa. Njaa ndiyo iliyonisimamisha Maboya, kwenye barabara ya Butembo kwenda Beni, mbele ya chumba cha mbao chenye mabati juu na meza chache ndani. Mlangoni kuna ndoo ya bomba na kipande cha sabuni. Ndoo hiyo ilikuja wakati wa Ebola, ugonjwa uliotangazwa Agosti 2018 na kutuachia makaburi 2,287 kabla ya kwisha Juni 2020. Mama hakuiondoa. Anayeingia bila kunawa anarudishwa nje, hata akiwa amevaa magwanda.

Kalunguta ni nchi ya vilima, mihogo, maharage na migomba. Hakuna ufuko hapa. Ila nyuma ya milima, upande wa mashariki, kuna Ziwa Edward, na kwenye ukingo wake kuna Kyavinyonge, kimoja cha vituo vitatu vya uvuvi vinavyoruhusiwa upande wa Kongo. Vingine ni Vitshumbi na Nyakakoma. Nyavu hutegwa usiku, mitumbwi hurudi alfajiri, na motari anayemletea mama mzigo huondoka jua likiwa bado chini. Anapita ndani ya Hifadhi ya Virunga, anapita vizuizi ambavyo kila kimoja kina bei yake, kisha anaanza kupanda. Ziwa liko mita 900 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Butembo inakaribia 1,800. Nyuma ya pikipiki kuna kikapu kilichotandikwa majani mabichi, na majani hayo humwagiwa maji kila anaposimama. Barafu haipo. Kuna majani, maji, baridi ya milimani, na haraka.

Ndiyo maana asubuhi huwezi kupata samaki kwa mama huyu. Kuna chai, makemba na maharage. Anayeulizia samaki anaambiwa arudi saa nane. Madereva wa njia hii wanajua, na wengine hupanga safari yao kwa hesabu hiyo.

Pikipiki ilipofika, niliomba ruhusa ya kusimama nyuma, jikoni, nitazame. Ningeweza kutazama hadi jioni. Mama hakugusa tumbo wala hakunusa kwanza, kama wanunuzi wengi wanavyofanya. Alimshika samaki wa kwanza kichwani kwa mkono mmoja, akamnyoosha mbele yake, akasubiri. Samaki alibaki amenyooka mpaka mkiani, mgumu. Akamweka kushoto. Wa pili hivyo hivyo. Wa tano mkia wake uliinama, pole pole. Huyo alikwenda kulia.

"Ule wa bichi anakatala kukunjama," alieleza. "Akishakubali kukunjama, ujue saa yake imepita. Haiko mubaya, lakini haiko ya sahani."

Baada ya hapo ndipo alipofungua mashavu kwa kidole gumba. Matamvua ya wale wa kushoto yalikuwa mekundu, yenye majimaji. Ya yule wa kulia yalianza kuelekea rangi ya matofali. Motari alisimama kimya, mikono nyuma, akingoja hukumu. Samaki wa kulia hawatupwi: hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuwekwa juu ya moshi, na huuzwa siku nyingine kwa jina lao halisi, samaki ya moshi. "Mimi sipikake samaki yenye sikuona mashavu yake," alisema mama. "Mutu akigonjwa kwangu, motari hatakuwa hapa. Mimi njo nitakuwa hapa."

Upishi wenyewe ni wa polepole kuliko nilivyotarajia. Magamba yanatoka kwa kisu butu, kutoka mkiani kwenda kichwani. Chumvi inapakwa ndani ya tumbo, si juu ya ngozi. Mawese yanapashwa moto hadi wekundu wake ufifie kidogo, kisha vinaingia vitunguu, nyanya, na liki nyingi, zao la baridi ya huku ambalo mpishi wa pwani ya Mombasa huenda asilifikirie kwa samaki. Samaki anawekwa juu ya mboga, haguswi tena na kijiko. Mama hutikisa sufuria kwa masikio yake mawili, mchuzi unapanda wenyewe mgongoni mwa samaki. Jani la mgomba linafunika, kifuniko kinafuata. Pilipili inachemka nzima, haipasuki, hivyo harufu yake inaingia na ukali wake unabaki ndani. Fufu ya muhogo inakuja moto kiasi cha kuunguza vidole.

Nilikula wale watatu wote. Nyama ilikuwa tamu, nyeupe, ikiachia mfupa bila kubishana. Na kadiri nilivyokula ndivyo nilivyozidi kuona udogo wao: miiba ilikuwa myembamba kama ya samaki ambaye hakupewa muda.

Mezani kwa jirani yangu, fundi seremala alikuwa anakula samaki mkubwa kuliko wangu wote. Alikuwa thomson. Wasomaji wa Kongo wanamjua: samaki wa bahari, wa kugandishwa, wa kwenye katoni. Sehemu kubwa ya thomson wanaoliwa nchini mwetu huvuliwa Atlantiki, pwani ya Namibia. Kwa hiyo siku ile, ndani ya chumba kimoja cha mbao huko Maboya, samaki aliyevuka bahari na mipaka alikuwa mkubwa na wa bei nafuu kuliko aliyetoka ziwa la nyumbani asubuhi ile ile. Hilo linaniuma. Mama hampendi thomson, anasema mchuzi wake "unalala", lakini humpika, kwa sababu fundi seremala naye ana watoto wa kulisha na mshahara wake haukui.

Samaki wa Ziwa Edward wamekuwaje? Mama anasimulia aliyoyasikia kwa wauzaji wa Kyavinyonge, na habari zao zinalingana na zile za wenye hifadhi. Kuna nyavu za matundu madogo. Kuna uvuvi kwenye mazalio, kule kwenye matete ambako tilapia huanza maisha. Kuna watu wengi waliokimbilia ziwani kwa sababu vita vimewafukuza mashambani, na ziwa halidai hati ya shamba. Na kuna viboko. Katika miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Mwanzoni mwa karne hii walikuwa wamebaki elfu moja na mia chache, baada ya bunduki za kila kundi kupita. Mavi ya kiboko yanarutubisha maji, maji yanaotesha mwani, na tilapia hula mwani huo. Aprili 2025 hifadhi ilitangaza kwamba kimeta kimeua viboko wasiopungua 50 kusini mwa ziwa. "Wazee ya ku mayi banasema kiboko njo mupishi wa samaki," alisema mama. "Sasa mupishi amekufa, unataka samaki anenepe namna gani?"

Jua lilipoanza kushuka aliharakisha vyombo. Tangu Oktoba 2022 hapiki tena jioni. Usiku mmoja wa mwezi ule wauaji waliingia Maboya, wakachoma hospitali, na sista Marie-Sylvie Vakatsuraki, aliyekuwa daktari, akauawa humo. Mama alinitajia jina hilo mara moja tu, akageukia moto. Sikumwuliza zaidi.

Nilimwuliza kuhusu samaki wadogo. Kwa nini asiwakatae? Ana jicho, ana jina njiani, motari anamwogopa. Aliniangalia kwa muda.

"Nikikatala, zitarudi ku mayi?" Alisubiri nijibu. "Zimekwisha kufa, papa. Ntazikatala hapa, na kesho zitauzwa Butembo pasipo mutu wa kufungua mashavu."

Dereva mmoja wa lori, aliyekuwa ameshanawa mikono, aliingilia kati. Akasema dawa ni kufunga ziwa, hata mwaka mmoja, samaki wapumzike.

"Na ule mwaka batu ya Kyavinyonge batakula nini?"

"Serikali itajua."

"Serikali gani, mwanangu?" Mama alikuwa anahesabu noti za faranga, hakuinua kichwa. Vitshumbi ilitwaliwa na waasi wa M23 Machi 2024. Ng'ambo ni Uganda, na Julai 2018 askari wa majini wa nchi hizi mbili walipigana risasi juu ya maji yale yale. "Yetu, ya benye kuwa Vitshumbi, ao ya Uganda? Nani atamwambia mwenzake akae pasipo kutega?"

Dereva alilipa, akaomba afungiwe wawili wa moshi kwenye jani kwa ajili ya nyumbani Beni. Mama akamchagulia, na akamkopesha faranga mia tano alizokuwa amepungukiwa, atalipa akirudi.