Vimbunga pwani ya Lindi: Vijiji vijipange kabla ya masika

WAFANYABIASHARA wa Kilwa, Lindi na Mtwara hawajasahau Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania Mei 4 mwaka huo, karibu na Kisiwa cha Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika sehemu kadhaa za Wilaya ya Kilwa, ikiwemo Somanga. Mabasi na malori yalikwama siku kadhaa pande zote mbili.

Kwa mvuvi, siku tatu bila barabara ni hasara tupu. Barafu ikiisha, samaki huoza au huuzwa kwa bei ya kutupa. Mwenye duka hukosa mzigo mpya, na wateja wake hulipa bei iliyopanda. Mkulima naye huwa na ufuta unaokaribia kuvunwa, akihesabu siku za mnada.

Aprili 2025 mvua ziliikata tena barabara hiyo eneo la Somanga, safari hii bila kimbunga.

Si jambo geni

Wapo wanaodhani vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska tu. Ni kweli kwamba hufika Tanzania kwa nadra kwa kuwa nchi iko karibu na ikweta, lakini hufika. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika, na baadaye ikawa kinara wa zao hilo. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi.

Aprili 2019 wakazi wa Lindi na Mtwara walitahadharishwa juu ya kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kiliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Aprili 2021 Jobo kilipungua nguvu kabla ya kuleta madhara makubwa. Vyote hivyo vilikuja Aprili au Mei, hivyo kijiji kinajua miezi ya kujihadhari.

Kamati ifanye nini?

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Kazi iliyobaki ni kuzifanya kamati hizo ziwe hai kabla ya maji kuingia ndani.

Jambo la kwanza ni taarifa. Ateuliwe mtu wa kupokea tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), na ijulikane zitatangazwaje: kwa kipaza sauti cha msikiti, kwa simu au kwa mgambo. Pili, iandikwe orodha ya wazee, wagonjwa na kaya za mabondeni, pamoja na mahali pa juu pa kuwahifadhi.

Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) navyo viwe na daftari la vyombo, injini na nyavu. Tahadhari ikitoka, vyombo vivutwe juu na injini zifunguliwe. Baada ya dhoruba daftari hilo litasaidia kuthibitisha nani amepoteza nini.

Upande wa fedha, vikundi vingi vya VICOBA vina mfuko wa jamii. Udhaifu wake ni kwamba dhoruba hupiga wanachama wote siku moja, wakati mfuko umezoea kumsaidia mmoja mmoja. Wakubaliane mapema nani ataanza kusaidiwa na kwa kiwango gani. Aidha, fedha zote zisikae kwenye sanduku nyumbani kwa mtu. Sehemu iwekwe benki au kwenye simu.

Mikoko ni ukuta

Kilwa ina mfano wake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, mmomonyoko wa bahari ukiwa miongoni mwa sababu. Yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya ukarabati na hatua za kuhifadhi ufukwe, ikiwemo kupanda mikoko. Kijiji kinachokata mikoko kwa nguzo, kuni au kuchoma chokaa hujiondolea kinga hiyo.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Ule wa mwanzo wa mwaka, kabla ya masika, ndio wa kuliweka suala hili kwenye ajenda.