Maeneo Meupe katika Ramani ya Brussels

Mwezi wa Septemba mwaka 1876, Mfalme Leopold wa Pili aliwakaribisha katika kasri lake mjini Brussels wanajiografia na wasafiri mashuhuri wa Ulaya, wakaketi kuijadili ramani ya Afrika ya kati, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa imeachwa nyeupe, si kwa kuwa haikuwa na watu, bali kwa kuwa wachora ramani hawakuwa na habari zao. Yaliyofuata twayajua, na ndugu zetu wa Kongo wanayajua zaidi. Nimeukumbuka mkutano ule kwa sababu, katika mji huohuo, mwendo wa miguu tu kutoka kasri lile, zimo ofisi za Tume ya Ulaya ambamo maofisa hugawanya tena ardhi kwa rangi, safari hii ardhi yao wenyewe, na rangi nyeupe ingali ina maana ya mahali ambapo hapana aliyejali kufika.

Rangi hizo zina sheria yake. Panaitwa peupe mahali ambapo hapana mtandao wa intaneti ya kasi wala mfanyabiashara mwenye nia thabiti ya kuufikisha karibuni. Penye mtandao mmoja panaitwa pa kijivu. Na peusi ni pale penye miwili au zaidi ishindanayo. Asili ya mgawanyo huo ni mikataba ya Umoja wa Ulaya, ambayo hukataza dola kumpa mfanyabiashara mmoja mali ya umma akapata nguvu ya kuwaangamiza wenzake sokoni, isipokuwa pawe na udhuru ulio dhahiri. Na udhuru ulio dhahiri kuliko wote ni kwamba soko lenyewe limekataa kwenda. Mwongozo wa kwanza wa jambo hili ulitolewa mwaka 2009, ukaandikwa upya mwaka 2013, na tena mwishoni mwa mwaka 2022, na kipimo cha kasi kimekuwa kikipanda, hata kijiji kilichokuwa cha kijivu jana huweza kuamka cheupe leo bila waya wowote kukatika. Fauka ya hayo, mtandao uliojengwa kwa ruzuku hauwi milki ya kufungiwa komeo: mwenye nao hulazimika kuwafungulia watoa huduma wengine kwa bei ya insafu, mfano wa gati lililojengwa kwa fedha ya hazina, ambalo kila jahazi lina haki ya kufunga kamba.

Msomaji atauliza kwa nini mfanyabiashara akatae kwenda. Jawabu liko ardhini. Uzi wa kioo upitishao nuru si ghali. Kilicho ghali ni kuchimba handaki, kulaza bomba, kupata idhini za kupita mashambani mwa watu, kisha kufukia, na Tume ya Ulaya imekadiria kuwa kazi hizo huweza kumeza hata asilimia 80 ya gharama. Handaki la kilomita moja katika mtaa wa Matonge, huko Ixelles, ambako Mkongomani na Mrundi husalimiana kwa Kiswahili mbele ya saluni, hupita milango ya mamia ya nyumba. Handaki la urefu uleule katika mabonde ya Ardennes laweza kupita milango mitano, na mmojawapo ni wa zizi la ng'ombe.

Mfano mkubwa wa idhini ambayo Brussels huipa dola itakayo kutoa ruzuku ya namna hiyo ni ule wa Ayalandi. Novemba 2019 Tume ilikubali ruzuku ya euro bilioni 2.6 kwa mpango wa taifa hilo, wenye mkataba wa miaka 25, wa kufikisha nyuzi za nuru katika eneo lililo asilimia 96 ya ardhi ya nchi lakini lenye asilimia 23 tu ya watu wake. Na atakayeziweka tarakimu hizo mbili pamoja hatahitaji ushahidi mwingine wa kwa nini biashara ilijitenga. Lakini Waayalandi hawakuishia kwenye nyuzi. Katika sera yao ya vijijini ya Machi 2021 waliahidi mtandao wa vituo vya kazi zaidi ya 400, ambamo mwajiriwa wa kampuni ya mjini hupata meza, umeme na intaneti karibu na kwao, akafanya kazi ya mjini bila kuhama. Mamlaka ya maendeleo ya sehemu zisemazo Kiayalandi, Údarás na Gaeltachta, ina vituo vyake viitwavyo gteic, nami naona hapo pana maarifa kuliko katika mabilioni yale: kijana akihamia Dublin kutafuta riziki, lugha huondoka naye, na aghalabu haifiki.

Kadhia ya WiFi4EU nayo haina budi kusimuliwa. Mpango huo wa Umoja wa Ulaya uliwapa viongozi wa miji na vijiji vya Ulaya vocha ya euro 15,000 ili waweke Wi-Fi ya bure viwanjani, maktabani na penginepo pa umma, na vocha zilitolewa kwa kufuata aliyetangulia kuomba mtandaoni. Mwito wa kwanza, wa Mei 2018, ulivunjwa kwa hitilafu ya mitambo iliyowawezesha wengine kuomba kabla ya wenzao. Uliporudiwa Novemba mwaka uleule, halmashauri zaidi ya 13,000 zilizigombea vocha 2,800. Yaani ilikupasa uwe na intaneti ya kasi ili uwahi msaada wa intaneti! Sijui kama aliyebuni utaratibu huo aliwahi kuketi kijijini akisubiri ukurasa ufunguke. Hata hivyo, ndani ya masharti yale mlikuwa na sharti moja la busara: vocha ilinunua vifaa na kazi ya kuvifunga, ilhali malipo ya kila mwezi ya intaneti na matengenezo yaliwekwa juu ya halmashauri, kwa muda usiopungua miaka 3.

Sharti hilo ndilo kiini cha jambo lote, kwa maana waya uliofika si waya unaotumiwa. Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, katika ripoti ya mwaka 2018, ilieleza kuwa Umoja ulitenga karibu euro bilioni 15 kwa intaneti ya kasi kati ya 2014 na 2020, na huku lengo likiwa nusu ya kaya zijiandikishe kwa megabiti 100 kwa sekunde, zilizokwisha kufanya hivyo zilikuwa asilimia 15 tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna tajiriba ya zamani katika hilo. Kituo cha mawasiliano ya jamii cha Nakaseke nchini Uganda kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990, na cha Sengerema, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyote kwa misaada ya kimataifa. Kulikuwa na kompyuta na simu, na Sengerema ikapata na redio yake. Vituo vingi vya enzi ile vilikufa fedha ya mfadhili ilipokoma. Nakaseke ilidumu kwa sababu utawala wa mahali uliipokea pamoja na maktaba yake. Huko Kondoa, Chuo Kikuu cha Dodoma kimesaidia kujenga mtandao wa jamii unaotumia masafa ya televisheni yasiyotumiwa mahali hapo, ambayo wataalamu nao, kwa sadfa, huyaita meupe. Kenya iliweka leseni maalumu ya mitandao ya jamii mwaka 2021, na serikali iliyoingia mwaka uliofuata ikaahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi, jumla 1,450. Ahadi hiyo ni njema, na nyuzi na kompyuta zitapata wa kuzinunua, kwani hakuna waziri asiyependa kukata utepe. Lakini katika makadirio yake, fungu ambalo ningependa kulisoma kwanza ni lile dogo la mwaka wa nne: mshahara wa mwenye funguo, bili ya umeme, na malipo ya intaneti.