Mtindo wa Art Deco (2): Vigoda vya Afrika katika Nyumba za Paris

Juma lililopita tulieleza jinsi maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1925 yalivyoutangaza duniani mtindo mpya wa samani, vito na majengo. Leo tutazame namna makumbusho yanavyousimulia.

Mwaka 1966 jumba la Musée des Arts Décoratifs, mjini Paris, liliandaa maonyesho yaliyoitwa “Les Années 25”. Mtindo uliokuwa umepitwa na wakati ukaanza kutazamwa upya kwa heshima, na jina la Art Deco likashika njia.

Anayeingia kwenye maonyesho ya namna hii huvutwa kwanza na maumbo: miali ya jua, pembetatu, mistari iliyopindapinda kama meno ya msumeno. Lakini asiishie hapo. Aulize vitu hivi vimetokana na nini. Émile-Jacques Ruhlmann, bingwa wa samani za kifahari, alitumia mbao nyeusi za Makassar, kisiwani Sulawesi, akazitia nakshi za pembe za ndovu. Jean Dunand alifundishwa kazi ya laka na Mjapani Seizo Sugawara. Pierre Legrain naye alimtengenezea tajiri Jacques Doucet vigoda vilivyofuata waziwazi umbo la vigoda vya Kiafrika.

Hapo ndipo makumbusho yanapopimwa. Legrain anajulikana kwa jina na kazi zake zina tarehe. Aliyechonga kigoda alichokifuata hajulikani, kwa kuwa waliovisafirisha vitu hivyo hadi Ulaya mara nyingi hawakujali kuuliza majina ya mafundi. Pembe nazo, watu wa Unguja na Bagamoyo wanajua gharama yake: katika karne ya 19 zilifika pwani mabegani mwa wapagazi.

Dawa ipo. Kigoda cha Kiafrika kiwekwe kando ya kile cha Legrain, na maelezo yataje mbao na pembe zilitoka wapi, kwa njia gani. Kufanya hivyo hakumpunguzii Legrain sifa; mtazamaji ataona alichopokea na alichoongeza. Uzuri ukisimuliwa nusu, waliouchangia wanadhulumiwa mara ya pili.

Juma lijalo tutafika Palais de la Porte Dorée, jengo la Maonyesho ya Kikoloni ya mwaka 1931. Ukuta wake wa mbele, uliochongwa na Alfred Janniot, unaonyesha bila kificho mali za makoloni zikielekea Ufaransa.